Nearest Green: Mwalimu wa Wiski Ambaye Jina Lake Halikuwekwa kwenye Chupa

Ukiingia baa yoyote ya mjini utaiona juu ya rafu: chupa ya pembe nne, lebo nyeusi, maandishi meupe. Hata asiyekunywa anaijua, maana imechorwa kwenye fulana na kofia za mitumba mpaka basi. Jina lililo kwenye lebo ni la Jack Daniel, Mzungu wa jimbo la Tennessee, Marekani, aliyefariki mwaka 1911. Makala hii haimhusu sana yeye. Inamhusu mtu aliyemfundisha kazi. Mtu huyo alikuwa mweusi, alikuwa mtumwa, na kwa miaka mingi historia ya chupa ile ilisimuliwa kwa wageni bila yeye kutajwa. Aliitwa Nathan Green. Watu wa kwao walimwita Nearest.

Mtu atauliza mwanafunzi wa ualimu ameingiaje kwenye mambo ya wiski. Ni swali la haki, ngoja nieleze.

Muhula uliopita tulikuwa geto, nje kabisa ya chuo (mshauri wa wanafunzi asome kwa amani), wanafunzi wanne. Kaka wa mwenzetu mmoja anafanya kazi hotelini, akawa amempa vichupa vitatu vidogo, vile vya kwenye ndege. Kimoja kiliandikwa bourbon, kingine rye, cha tatu ni hiyo ya lebo nyeusi. Mimi nilikuwa nabisha kwamba pombe kali zote ni moja, tofauti ni bei na sifa. Mwenzangu akabisha kwamba kuna watu duniani wanakutana kila mwezi kulinganisha hizi vitu na wanaweza kuzitofautisha wakiwa wamefunga macho. Basi tukaamua kupima.

Kwanza majina, ili twende pamoja. Kwa sheria ya Marekani, bourbon ni wiski ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi. Rye ni ile ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni rai, nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano na shayiri. Zote mbili hukaa kwenye mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, na zinapoingia pipani kileo kisizidi asilimia 62.5. Wiski ya Tennessee ni kama bourbon, ila kabla ya kwenda pipani inapitishwa taratibu kwenye mkaa wa mti mmoja wa kwao wenye utomvu mtamu. Hiyo ya lebo nyeusi ni mahindi asilimia 80, shayiri 12, rai 8. Yaani ukiondoa mapipa na jina kubwa, unakuta mahindi.

Utaratibu wa kuonja tuliufuata vizuri. Mwenzetu mmoja hanywi kwa sababu ya dini, naye ndiye aliyekuwa hakimu. Alimimina kidogo kidogo kwenye vikombe vya kahawa, ili tusione rangi vizuri, akaviita A, B na C, majibu akayaandika kwenye simu yake. Unanusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo kileo kinachoma pua na hutasikia kitu kingine. Unachukua funda dogo sana, unalizungusha mdomoni. Unaongeza matone mawili ya maji, unarudia, na harufu zinabadilika kweli. Kisha kila mtu anaandika alichosikia kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mmoja akishasema vanila, wote mtasikia vanila.

Kwenye A niliandika pilipili manga, karafuu kidogo, ukavu. Kwenye B sukari iliyoungua na vanila. Kwenye C nikaandika kama B, ila laini zaidi, na ndizi mbivu. Hakimu alipofunua, A ilikuwa rye, hiyo niliipata. B na C nilizichanganya: niliyoidhania bourbon ilikuwa ya Tennessee na ya Tennessee nikaiita bourbon. Nikapata moja kati ya tatu, na ubishi wangu ukaishia hapo, kwa sababu hata niliyekosa nilikuwa nimesikia kwamba vitu hivi si kimoja. Ndipo yule asiyekunywa, akiwa na simu mkononi, akauliza swali ambalo sisi wanywaji hatukuwa tumeliuliza: ni nani aliyegundua mambo ya mkaa? Akaanza kutafuta. Tukakesha tukisoma habari za Nearest Green.

Inaaminika Nathan Green alizaliwa karibu na mwaka 1820, katika jimbo la Maryland. Nasema inaaminika kwa sababu mtumwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi, bila majina, chini ya jina la mwenye kuwamiliki. Ukimtafuta mtu kama Nearest kwenye daftari za miaka hiyo, unachoweza kupata ni mstari unaosema mwanamume, mweusi, miaka fulani. Nimesoma kozi ya takwimu za elimu na sikuwahi kufikiri kwamba jedwali linaweza kumfuta mtu huku likimhesabu.

Kufikia katikati ya karne ya 19 alikuwa Tennessee, maeneo ya mji mdogo wa Lynchburg. Kumbukumbu zinaonyesha alimilikiwa na kampuni iliyoitwa Landis & Green, nayo ilimkodisha kwa wakulima wa pale. Kukodishwa maana yake ni kwamba kazi alifanya yeye, malipo walichukua wao. Mmoja wa waliomkodi alikuwa Dan Call, mhubiri wa Kilutheri aliyekuwa pia na shamba, duka na mtambo wa kutengeneza wiski kando ya kijito. Usishangae mhubiri kuwa na mtambo. Kwa wakulima wa huko wakati ule, barabara zilikuwa mbaya na mahindi ni mzigo mzito. Ukiyageuza wiski, gunia linakuwa chupa chache, haliozi na linauzika.

Call alikuwa na mtambo, ila aliyejua kuutumia ni Nearest. Na hapa inabidi nieleze kazi yenyewe, kwa sababu usipoielewa utadhani ni kupika tu. Mahindi yanasagwa na kupikwa. Kinaongezwa kimea cha shayiri, ambacho hugeuza wanga kuwa sukari. Hamira inakula sukari ile kwa siku kadhaa na kuacha kileo. Mchanganyiko huo unaingia kwenye chombo cha shaba na kuchemshwa. Kileo huanza kuchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa mwanzo una kileo kingi. Mvuke unapita kwenye bomba lililozungushiwa maji ya baridi na kutoka ukiwa matone. Matone ya kwanza ni makali na yana sumu, yanamwagwa. Ya mwisho yana harufu mbaya, yanatengwa. Kinachotakiwa ni cha katikati. Sasa, leo kiwandani kuna vipimajoto na maabara. Nearest alikuwa na pua, ulimi, sikio la kusikiliza mchemko, na moto wa kuni ambao ukizidi kidogo umeharibu kila kitu. Kujua ni lini hasa cha kwanza kimekwisha na cha katikati kimeanza, hiyo ndiyo taaluma.

Halafu kuna mkaa. Wiski ilidondoshwa tone kwa tone kwenye pipa refu lililojaa mkaa, ikatoka chini ikiwa imepoteza ukali. Utaratibu huo unaitwa kwa jina la wilaya ya Lincoln, ambako Lynchburg ilikuwamo kabla ya wilaya ya Moore kuanzishwa mwaka 1871. Nani aliuanzisha, wanahistoria wanabishana. Baadhi wanaona kwamba ujuzi wa kuchuja kwa mkaa ulivuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa Afrika Magharibi, ambako mkaa ulitumika kusafisha maji na vyakula. Ushahidi wa kumaliza ubishi haupo. Lakini mtu yeyote aliyesoma sayansi shule ya msingi Tanzania anakumbuka lile chujio la kokoto, mchanga na mkaa, kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Kinachojulikana ni kwamba Nearest alikuwa bingwa wa njia hiyo na kwamba ndiyo aliyoirithisha.

Aliyerithishwa alikuwa mtoto. Jasper Daniel, ambaye wote walimwita Jack, alikuwa mmoja wa watoto kumi. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, baba akaoa tena, na maisha na mama wa kambo hayakuwa mazuri. Akaondoka nyumbani akiwa bado mdogo, akaishia kwa Dan Call kama kijana wa kazi. Baba yake naye akafariki wakati wa vita. Jack alikuwa mfupi wa kimo, mdadisi, na hakuacha kuuliza kuhusu moshi uliokuwa ukitoka kule bondeni. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1967 kinaeleza kwamba Call alimpeleka mwenyewe kwa Nearest, akamtambulisha kama mtengenezaji bora wa wiski anayemjua, akamwagiza Nearest amfundishe kijana kila anachokijua.

Sisi wa ualimu tunakariri habari za Vygotsky kwa ajili ya mtihani: mtoto hujifunza akiwa karibu na anayejua zaidi, anafanya naye, mpaka siku anaweza kufanya peke yake. Hapa unayo darasa hilo zima, bila ubao. Lakini angalia jinsi lilivyopinduka. Mwanafunzi alikuwa huru na mwalimu hakuwa huru. Mwalimu angeweza kuuzwa wiki ijayo. Mwanafunzi angeweza kukua akamiliki kiwanda. Na mwalimu aliamriwa afundishe, hakuombwa. Angeweza kuficha kitu, nani angejua? Mambo kama kumwaga cha kwanza au kupunguza kuni hayakuwa yameandikwa popote. Kwa ilivyokuja kuwa wiski ile, inaonekana hakuficha. Sijui kama hiyo ni upendo kwa yule yatima, au heshima kwa kazi yake mwenyewe, au hakuwa na namna. Nimelifikiria sana hili na sijapata jibu.

Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipiganwa kuanzia 1861 hadi 1865. Tunafundishwa kwamba Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa Januari 1863. Tusichoambiwa ni kwamba Tennessee haikuwamo kwenye tangazo lile, maana wakati huo ilikuwa imeshakaliwa na majeshi ya serikali. Jimbo lilifuta utumwa lenyewe Februari 1865, na Desemba mwaka huo katiba ya nchi ikabadilishwa. Nearest alikuwa na miaka kama 45 hivi alipokuwa mtu huru.

Angeweza kuondoka. Wengi waliondoka, kwenda miji ya kaskazini au popote pasipo na kumbukumbu za utumwa. Yeye alibaki na kazi yake, ila sasa kwa malipo. Jack Daniel alipoingia kwenye biashara, kwanza akishirikiana na Call, Nearest ndiye aliyekuwa mkuu wa mtambo. Kwenye chupa imeandikwa mwaka 1866. Wapo waandishi wanaosema karatasi zinaelekeza kwenye 1875. Vyovyote iwavyo, mkuu wa kwanza wa utengenezaji katika kampuni ile alikuwa mtu mweusi aliyetoka utumwani, na anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza Marekani kujulikana kwa cheo hicho.

Nearest na mkewe Harriet walikuwa na watoto kumi na mmoja, wavulana tisa na wasichana wawili. Inasimuliwa kwamba alikuwa fundi wa fidla pia, na kwamba jioni alichezea watu. Watatu kati ya wanawe, George, Eli na Edde, walifanya kazi na Jack Daniel. Jack alipohamishia shughuli kwenye chemchemi inayotoka pangoni, maji yake ya chokaa yasiyo na chuma, familia ya Green iliendelea naye. Watoto wakafuatwa na wajukuu, mpaka vizazi saba vya ukoo huo vimehesabiwa kufanya kazi kwenye kiwanda kile.

Tarehe ya kifo cha Nearest haijulikani. Sensa ya 1890 ingeweza kusaidia, lakini karatasi zake karibu zote ziliharibika kutokana na moto uliotokea Washington mwaka 1921. Hakuna picha yake inayojulikana. Ipo picha moja ya Jack Daniel akiwa na wafanyakazi wake, amevaa kofia nyeupe, na aliyekaa pembeni yake bega kwa bega ni mwanamume mweusi. Inaaminika ni George, mtoto wa Nearest. Kwa Tennessee ya miaka ile, miaka ya ubaguzi wa sheria, Mzungu mwenye kiwanda kumweka mtu mweusi karibu namna hiyo mbele ya kamera halikuwa jambo dogo. Tuseme ukweli, Jack mwenyewe hakuonekana kumwonea aibu mwalimu wake. Kitabu cha 1967 kinamtaja Nearest na wanawe waziwazi.

Kusahaulika kulikuja baadaye, taratibu, bila mkutano wa kuamua. Jack hakuoa wala kuacha mtoto. Biashara ilikwenda kwa mpwa wake, Lem Motlow. Jimbo likapiga marufuku utengenezaji wa pombe, kisha nchi nzima kuanzia 1920 hadi 1933. Mwaka 1956 kiwanda kikanunuliwa na kampuni kubwa ya Brown-Forman. Wageni walipokuja kutembelea, walisimuliwa hadithi fupi na tamu: mhubiri alimfundisha mtoto yatima kutengeneza wiski. Hadithi hiyo si uongo mtupu. Imeruka mtu mmoja tu, yule aliyekuwa anafanya kazi.

Familia za watu weusi wa Lynchburg hazikuwahi kusahau. Walijua babu yao ni nani, walisimuliana. Ila waliokuwa wanaandika hawakuwauliza. Mwaka 2016, kampuni ilipokuwa inaadhimisha miaka 150, gazeti la New York Times likaandika kuhusu Nearest. Mwandishi na mfanyabiashara mweusi, Fawn Weaver, akaisoma, akasafiri mpaka Lynchburg, akakaa na wazee, akafukua karatasi, na mwishowe akanunua shamba lililokuwa la Dan Call. Mwaka 2017 akaanzisha wiski yenye jina la Uncle Nearest. Mwaka huohuo kampuni ya Jack Daniel nayo ikamwingiza Nearest rasmi kwenye historia yake.

Kuna neno moja hapo linahitaji tahadhari. Sisi tukisikia mtu anaitwa mjomba tunasikia heshima. Huko kusini mwa Marekani, Mzungu alimwita mzee mweusi mjomba ili asilazimike kumwita bwana. Kwa hiyo jina lile lina pande mbili: kwa wajukuu zake ni upendo, kwa wengine wa zamani lilikuwa namna ya kumpunguza.

Sasa turudi huku kwetu, kwa sababu usiku ule geto tulidhani tunasoma habari za mbali. Uganda, mwaka 1965, ilitungwa sheria ya enguli, yaani pombe ya kukatwa majumbani. Waliopewa leseni walitakiwa kupeleka pombe yao kiwandani ikasafishwe, na ndiko ilikotoka Uganda Waragi inayouzwa mpaka leo. Waliokuwa wanaijua kazi ile ni watu wa vijijini wenye migomba. Hakuna anayeyajua majina yao. Kwetu Tanzania tulichukua njia nyingine: sheria ya mwaka 1966 iliweka pombe ya moshi chini ya leseni, na mpikaji wa kijijini asiye nayo ni mhalifu. Wakati huohuo kwenye bonde la Kilombero, kule Kidatu kwenye miwa, kuna kiwanda kinachotengeneza spiriti kutokana na molasi, na hicho ni uwekezaji. Mvuke ni uleule, nyuzi 78 zilezile.

Mimi ni mtu wa Idete, bonde hilohilo, upande wa Ifakara. Watafiti wanaijua Idete kwa mbu wake na kwa majaribio ya chanjo ya malaria ya miaka ya 1990. Wengine wanaijua kwa mpunga. Mimi naijua kwa bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, na aliyekuwa anapika gongo.

Sitaki mtu asome hapa kwamba gongo ni nzuri. Nimeona nyumba zilizovunjika kwa ajili yake na nimezika majirani. Vifo vya halaiki tunavyovisikia redioni mara nyingi hutokana na watu kuongezea spiriti ya viwandani ili ichome zaidi, na wapikaji wa namna hiyo wapo. Bibi hakuwa hao. Alitumia pumba za mahindi, kimea na sukari, wakati mwingine ndizi. Kikombe cha kwanza alikuwa anakimwaga kwenye majivu, kila mara, hata mwezi ambao hatukuwa na hela ya chumvi. Mimi mdogo niliona ni hasara na nikamuuliza. Alinieleza kwamba hicho ni cha shetani, si cha mtu. Nilipofika kidato cha tatu na kusoma kemia, nikakutana na yule shetani kwenye kitabu: methanoli, inachemka kwenye nyuzi 65, inapofusha. Bibi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na alikuwa ameshanifundisha somo lile kabla ya mwalimu wa kemia.

Wazee waliokuja kwake walikuwa waonjaji pia, tena wakali. Walitikisa chupa na kuangalia mapovu yanakaa muda gani. Walimwaga kidogo motoni waone rangi ya mwali. Walinusa, wakachukua funda dogo, wakanyamaza, kisha wakasema hii ni ya juzi, au hii umekoleza kuni. Pale geto nilipoona wapenzi wa wiski wa Marekani wanafanya yaleyale na glasi zenye mdomo mwembamba, nilicheka, halafu nikanyamaza.

Ada yangu ya sekondari ya bweni ilitoka kwenye bomba lile. Godoro, trampa, nauli, vyote. Mara moja alikamatwa, akalipa faini, akaanza upya kwa sababu muhula ulikuwa unafunguliwa. Nilipokuwa najaza fomu ya kuomba mkopo wa chuo, kulikuwa na nafasi ya kuandika kazi ya mlezi. Niliandika mkulima. Si uongo mtupu, alikuwa na nusu ekari ya mpunga. Wenzangu wa mwaka wa kwanza waliponiuliza nyumbani wanafanya nini, nikasema hivyohivyo, mkulima. Nimesema hivyo kwa miaka mitatu. Bibi alifariki mwaka juzi, na kwenye wasifu wake uliosomwa msibani, ambao niliuandika mimi kwa sababu ndiye msomi wa familia, kuna kilimo, kuna kanisa, kuna wajukuu. Pombe haimo.

Usiku ule niliposoma jinsi hadithi ya Lynchburg ilivyoruka mtu mmoja tu, sikuweza kuwacheka wale waongoza wageni wa kiwandani. Hawakusema uongo. Waliandika mkulima, kama mimi.

Najua tofauti zipo. Nearest alifanya kazi halali na jasho lake likaibwa. Bibi alifanya kazi iliyokatazwa, nami nilikuwa na sababu za kumficha. Wala sidai sheria ifutwe, hilo wajadili wenzetu wa sheria, wao ndio wenye uwanja. Ninachosema ni kidogo zaidi. Tunafundishwa hapa chuoni kwamba mwanafunzi huja darasani na maarifa ya nyumbani, na kwamba mwalimu mzuri huanzia hapo. Tunaliandika hilo kwenye kila andalio la somo. Lakini maarifa ya nyumbani tunayokubali kuyataja ni yale yasiyotutia aibu: bustani, vikapu, ngoma. Mengine tunayaacha mlangoni, pamoja na watu waliotupa.

Mwezi wa saba nakwenda TP. Mada ya kutenganisha michanganyiko ipo kwenye mtaala wa kidato, na mchoro wa mtambo wa kuchemsha na kupooza upo kwenye kila kitabu cha kemia. Wapo watoto kwenye darasa hilo ambao mchoro ule wameuona jikoni kwao kabla hawajaujua kwa jina, na watanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Sijui bado nitasemaje bila kuwaumbua au kuwaletea wazazi wao matatizo. Nitaanza kwa kuwasimulia habari za mtu wa Tennessee, nione ni nani atainua uso.

Nilitaka makala hii iishe kwa jina la bibi yangu, liandikwe kamili, lichapishwe. Mama mdogo yuko Idete bado, na nilipompigia simu kumwomba ruhusa aliniomba nisilitaje, watu wataongea. Nimemtii. Kwa hiyo mpaka hapa tulipofika, jina la Nearest Green mnalo, la bibi hamna.